Kinanda Ulichomletea Baba

Kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, wifi na watoto, na kwamba ile baridi uliyokuwa unailalamikia imepungua makali. Sisi huku tunapumua. Shangazi bado anapigana na goti lake, asubuhi linashinda goti, jioni anashinda yeye. Mimi cherehani yangu inakwenda, sare za shule zimenijaa mpaka juu ya kitanda. Baba mwilini hajambo. Mengine juu ya Baba nitakueleza taratibu, kwa hiyo kama umesimama, tafuta kiti.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unanimalizia sentensi zangu, na ukichoka kunisikiliza mtandao wako unakuwa mbaya ghafla. Leo nataka niseme mpaka mwisho.

Kwanza, kinanda kilifika. Kilifika kizima, hakina hata mkwaruzo. Baba hakukubali mtu mwingine afungue lile boksi. Alipiga magoti sakafuni na kisu cha jikoni akaanza kukata utepe kidogo kidogo, huku akimfokea Shangazi asisogee karibu. Alikiweka juu ya meza ya sebuleni, akakifunika kitambaa cha Mama kile cha maua ya buluu, ambacho tangu Mama afariki hakijawahi kutoka kabatini. Halafu akakifunua, akabonyeza kitufe kimoja tu, akasikiliza mpaka sauti ikafa, akasema mwanawe amemkumbuka. Wiki nzima hakuna aliyepita mlangoni kwetu bila kuonyeshwa kinanda. Hata mtu wa kusoma mita ya umeme alishikwa mkono akaingizwa ndani. Kwa furaha ile, Kaka, nakushukuru, na shukrani hii ni ya kweli.

Pamoja na kinanda ukamleta rafiki yako Mwalimu akipige, na pamoja na Mwalimu ukaleta maagizo. Kwamba bendi yetu imebaki nyuma. Kwamba wimbo wa Mama, ule ambao Baba alimtungia wakati wa uchumba, sasa uanze na kinanda peke yake, magitaa yaingie baadaye. Baba alipokea maagizo yako kama amri ya serikali. Lakini ungeniuliza kwanza. Neno moja tu ungeniuliza, mimi niliyebaki na bendi. Kwa sababu magitaa unaweza kuyalegeza nyuzi kwa mkono na asijue mtu, na wewe unajua tumeyalegeza kwa miaka mingapi. Kinanda kinatoka kiwandani na sauti yake, hakimwonei mtu huruma.

Sijui kama unakumbuka jambo hili lilivyoanza, maana siku hizi unasahau kwa mpango. Mimi nakumbuka vizuri. Baba alikuwa ametoka hospitali na homa ya mapafu, shati lake la jukwaani limegeuka gunia. Mazoezi ya kwanza tu, alipofika pale juu kwenye wimbo wa Mama, pale anapomwita arudi, sauti ikagoma. Mtu ambaye mji mzima ulimwita Kengele! Akasema ni uchovu, akatoka nje kunywa maji. Wewe ndiye uliyeniambia nifunge mlango wa stoo tuliyofanyia mazoezi. Ukatuambia sote tulegeze nyuzi kwa nusu sauti ili wimbo ushuke, upesi kabla hajarudi. Tusibadilishe mahali pa kushika, kwa sababu Baba hapigi chombo chochote lakini macho yake yanajua kila kidole kinakaa wapi, tungehamisha vidole angeuliza. Akarudi, akaimba, akafika. Alicheka siku ile kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Ukatuapisha pale pale, Kinyozi akiwa na vijiti vyake vya ngoma mkononi, Fundi Saa na saksafoni yake shingoni, na mimi niliyekuwa bado nashika besi kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu. Nilikuona mkubwa sana siku ile. Niliona hakuna mtu aliyewahi kumfanyia mzazi wake jambo zuri kama lile. Naandika haya ujue kwamba sikulidharau jambo lenyewe, wala leo silidharau.

Halafu ukapanda ndege. Uliniachia bendi, na ukaniachia na kazi ya kumdanganya Baba. Kila alipozidi kushuka, na sisi tukashuka naye. Nusu sauti ikawa sauti nzima, sauti nzima ikawa mbili. Nyuzi za besi yangu zikawa zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, mpaka nikanunua nene zaidi. Fundi Saa ndiye aliyeteseka kuliko wote, maana saksafoni hailegezwi. Kila tulipolegeza, yeye alirudi kwenye kibanda chake cha saa akajifunza nyimbo zote upya, vidole vikipinda pasipopindika, na hakulalamika ila kwa mkewe. Kila Jumapili mimi ndiye niliyetangulia ukumbini, nikakusanya magitaa yote, nikayashusha, nikahakikisha Baba anaingia mwisho, kama mkubwa anavyopaswa kuingia. Redio ikipiga wimbo wetu wa zamani, Baba akishangaa mbona sauti yake iko juu hivyo, nilimrudia lile jibu ulilomwachia wewe, kwamba mashine za redio zinakimbia siku hizi. Alikubali. Aliwaambia hata wenzake, redio hii inatukimbizia muziki.

Basi Mwalimu alipofika nilimvuta pembeni nikamweleza. Alicheka kwanza, akanitazama akaona sichezi, akaacha kucheka. Akanionyesha kuwa kinanda kina kitufe cha kushusha sauti yote kwa pamoja. Ukibonyeza, unapiga kama kawaida lakini kinatoka chini. Nilimpenda sana siku hiyo. Mazoezi yote yalikwenda vizuri. Baba alikuwa anafunga macho kinanda kikianza, anatikisa kichwa, anasema sasa bendi imekuwa bendi.

Jumapili ya uzinduzi wa kinanda ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Dansi letu ni la mchana kama unavyojua, watu walikuja na watoto wao, wazee waliocheza nyimbo zetu zamani walitoa suti zao masandukuni. Baba alivaa koti jeupe. Tulipiga nyimbo nne, zote salama. Tukiwa tunajiandaa kwa wimbo wa Mama, umeme ukakatika. Watu wakapiga miluzi, Kinyozi akawatuliza kwa ngoma, na baada ya muda si mrefu umeme ukarudi, watu wakashangilia. Baba akampa Mwalimu ishara. Mwalimu akaanza.

Unaelewa kilichotokea. Kinanda kikizimika kinasahau kila kitu ulichokiambia. Kiliporudi kilirudi na sauti yake ya kiwandani. Mwalimu mwenyewe alishtuka kwenye kidole cha kwanza, nilimwona, lakini Baba alikuwa ameshafungua mdomo. Akaingia na kinanda, juu kule kule, kwa sababu Baba hajawahi kukosa kuifuata sauti aliyopewa. Maneno ya mwanzo yako chini, akayaweza. Halafu magitaa yakaingia, sauti mbili chini. Kaka, umewahi kusikia mabati yakiburutwa kwenye sementi? Watu waliziba masikio.

Baba akainua mkono, tukanyamaza. Hakukasirika. Alikuwa anatabasamu. Aliwaambia watu kwenye kipaza sauti kwamba magitaa yamelegea kwa joto, kwamba hawa watoto wake wamezoea ubwege, lakini kinanda alicholetewa na mwanawe hakiwezi kukosea, kwa hiyo watu watuvumilie kidogo tufuate kinanda. Watu wakacheka, wakampigia makofi. Nilimsogelea nikamwambia sikioni tuhamie wimbo mwingine. Akanijibu kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba tutapiga huu huu. Mwalimu alikuwa anahangaika kukitafuta kile kitufe, Baba akamwamuru aondoe mkono, asiguse chochote. Ikawa imekwisha.

Tukakaza. Mbele ya ukumbi mzima nilizungusha zile funguo za kukazia nyuzi, nikapandisha kidogo kidogo kile nilichokuwa nakishusha kwa miaka yote hiyo, nikijua ninampeleka wapi. Uzi mmoja wa gitaa lako la zamani, mikononi mwa kijana tuliyempa alipige, ukakatika. Fundi Saa alivua saksafoni yake, akailaza kwenye kiti, akakaa chini kando yake. Hakupuliza tena siku hiyo.

Baba akaimba. Alipofika pale anapomwita Mama, sauti ikapasuka. Akatuashiria turudie. Ikapasuka tena, vibaya zaidi, na vijana waliokaa dirishani wakacheka. Mwanamke mmoja wa enzi zile, rafiki yake Mama, akaanza kupiga makofi ili kumsaidia, na wengine wakamfuata, na yale makofi ya huruma yalikuwa mabaya kuliko kicheko. Baba hakujaribu tena. Aligeuka akaitazama mikono yangu. Akatazama zile funguo za besi, akatazama saksafoni iliyolazwa kitini, akamtazama Kinyozi ambaye alikuwa amejificha nyuma ya ngoma zake analia kama mtoto. Akarudisha kipaza sauti mahali pake polepole, akashuka kwa ngazi za pembeni. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani na koti lake jeupe, na mimi nikimfuata nyuma na besi begani, isiyo na mfuko.

Jioni Mwalimu alikirudisha kinanda nyumbani, na Baba akakaa mbele yake. Akaniambia nilegeze besi kama tulivyokuwa tukilegeza, nipige sauti ya kwanza ya wimbo. Nikapiga. Akabonyeza kinanda. Akaniambia nirudie, akabonyeza tena. Akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu alipotoka hospitali. Akasema kumbe miaka yote hii watu walipokuwa wakimpigia makofi, wanamuziki wake walikuwa wakimhurumia. Nikataka kumweleza kwamba haikuwa hivyo, lakini hata sasa sijui kama haikuwa hivyo. Kisha akauliza ni nani aliyeanza.

Picha yako ilikuwa pale ukutani nyuma yake, umeshika gitaa la solo, umenyoa kama mwanajeshi. Kinanda chako kilikuwa mbele yake. Nikaona mtu huyu leo amevuliwa sauti yake mbele ya mji mzima, na kilichombakia ni wewe. Nikamwambia ni mimi.

Hakunipiga, hakupandisha sauti. Alisema angeweza kusamehe kuzeeka, lakini kufanywa mtoto na mtoto aliyemlisha mwenyewe, hilo hajui ataliweka wapi. Akachukua besi, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, akafunga kwa ufunguo. Tangu siku hiyo hali ninachopika. Tukiwa chumba kimoja ananiambia maneno kwa kupitia Shangazi, mwambie huyo aliyekaa hapo asogeze taa, na Shangazi masikini ananigeukia ananiambia nisogeze taa. Mtaani wateja wananiuliza, huku nawapima viuno, kama ni kweli nilimfanyia mzee vile. Nawaambia wasimame wima, nisije nikakosea kipimo.

Yote haya niliyabeba bila kukulaumu. Nilijiambia Kaka hajui, akijua atasema. Nilisubiri simu yako kama mgonjwa anavyosubiri daktari.

Ukapiga Jumamosi ile. Kaka, kuna jambo hulijui. Sikio moja la Baba limezidi kuwa bovu, simu yake sasa anaiweka sauti ya nje na kuilaza mezani. Wewe ulidhani unaongea naye peke yake. Mimi nilikuwa pale pale, nashona kifungo. Shangazi alikuwepo. Fundi Saa alikuwepo, alikuja kumwomba Baba radhi, amekaa na kofia yake magotini. Baba akakusimulia yote, mpaka akafika mahali pa kusema kwamba aliyeanza mchezo ule ni mdogo wako.

Nikaacha kushona. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilifurahi. Nilijua sasa utasema hapana Baba, huyo anakudanganya tena, ni mimi. Pakawa kimya. Nilidhani ni mtandao, niliomba Mungu uwe mtandao. Halafu tukasikia sauti yako, safi kabisa kama uko chumba cha pili, ukasema, “Ningekuwepo, Baba, nisingeruhusu ufanyiwe hivyo.”

Ukaendelea. Ukasema tangu utotoni nilipenda njia za mkato. Ukamwomba asikae na hasira muda mrefu, mimi ni mwanamke niko peke yangu, anisamehe kwa ajili yako. Umeniombea msamaha, Kaka! Kwa kosa lako, na kwa sauti ya upole kiasi kwamba Shangazi alifuta machozi. Fundi Saa aliinuka kitini na mdomo wazi. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Alikaa, lakini tangu siku ile ananitazama kama mtu aliyeona mwizi akisindikizwa na mwenye nyumba.

Usidhani nilikuokoa wewe. Nilimkanyaga kwa sababu nilikuwa natazama uso wa Baba. Tangu aliposhuka zile ngazi, ilikuwa mara ya kwanza uso wake kufunguka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno lako, kama anavyofanya wimbo ukienda sawa. Nilimdanganya miaka yote hiyo ili aendelee kuwa na uso ule, ningeweza vipi kuuvunja mwenyewe?

Simu ilipokwisha alimwambia Shangazi aniambie nikuandikie, maana mimi ndiye mwenye mwandiko unaosomeka. Ujumbe wake ni huu. Urudi nyumbani, hata kama ni kwa muda, uichukue bendi uinyooshe mwenyewe. Anasema wewe ndiye pekee katika watu wake ambaye hajawahi kumdanganya. Nimeuandika kama alivyousema.

Ambalo hakuniagiza nikuandikie ni hili. Kila asubuhi Baba anaamka, anakaa mbele ya kinanda chako, anabonyeza ile sauti ya juu ya wimbo wa Mama na kuipandia. Haifiki. Anakunywa maji ya moto, anabonyeza tena. Jirani wa upande wa pili sasa anafunga madirisha. Ile sauti ya chini tuliyokuwa tukiitunza, ambayo ilikuwa bado nzuri, naapa ilikuwa nzuri kuliko ile ya redio, nayo inakwisha. Sasa hata akimwomba Shangazi chai inabidi arudie. Daktari amemwambia apumzishe koo. Amemjibu kwamba atapumzika ukifika, anataka umkute pale pale ulipomwacha.

Kwa hiyo njoo, kama utakuja. Ukifika atakushika mkono akupeleke ukumbini, na atawaita watu. Atasimama mbele ya kipaza sauti, na kabla hajaimba atakugeukia aone unazungusha zile funguo upande gani. Ukikaza, utampasua mbele ya watu kwa mara ya pili. Ukilegeza ataona, maana sasa anajua pa kutazama. Kama unataka usifike hapo, Baba ana simu, namba yake unayo, na leo umekwishajua kuwa inasikika chumba kizima. Mimi sitakuwa na mguu wa kumkanyaga mtu tena, wala wa kupanda jukwaa hilo. Fundi Saa ameniuliza kama anaweza kusema akiulizwa. Nimemwambia mdomo ni wake.

Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao ameshawakatia nguo, wanitumie tu vipimo. Shangazi anakusalimu na anakuombea. Baba anakusalimu sana, na hilo neno sana amesema nilipigie mstari, nami nimelipigia. Na mimi nakusalimu, kwa kuwa ndivyo barua inavyomalizwa.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa mpiga besi.